Shemeji amesusa futari kwa sababu ya kwotabeki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 44, naishi Aurora, ubavuni mwa Denver, tangu mwaka 2011. Naendesha basi la abiria wa uwanja wa ndege. Nilipofika huku mpira wao, ule wa Kimarekani wa kubebwa na kurushwa kwa mikono, sikuuelewa hata chembe. Niliona watu wameinama, wanagongana, wanasimama, linakuja tangazo la bia, wanainama tena. Aliyenifundisha ni mzee mmoja Mkongo niliyefanya naye kazi, na somo lake lilikuwa moja tu: "Achana na mpira. Mwangalie yule namba 58." Huyo alikuwa Von Miller, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa ulinzi. Wengine wakiangalia nani anarusha, mimi naangalia nani anakuja kumvunja.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ana miaka 29. Yeye alishukia Kansas City mwaka 2019, na baridi yake ya kwanza tu nchi hii, Patrick Mahomes, kwotabeki wa huko, yaani mrushaji wa mpira, akachukua kikombe. Basi ikawa hivyo. Mwaka jana alipohamia mtaa wa pili na kwangu, alikuja na sanduku moja la nguo na jezi tatu za Chiefs, timu ya Kansas City. Hapa Denver hilo ni sawa na kuhamia Jangwani umevaa nyekundu, lakini nikasema ni ndugu, tutaishi.

Kila Jumapili alikuwa kwangu. Ubishi wetu ni ule ule: yeye anasema timu ni kwotabeki, waliobaki ni wapagazi. Mimi nasema ulinzi ndio unaoleta vikombe. Mwezi wa kwanza tukawekeana mbuzi wa Idi. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema mbele ya watu: "Hakuna timu iliyowahi kuchukua Super Bowl bila kwotabeki mkubwa." Super Bowl ndiyo fainali ya ligi yao. Mimi nikasema ipo, na ni yetu sisi wa Denver, Februari 2016. Yeye akasema Peyton Manning, aliyeturushia mwaka ule, si kwotabeki mkubwa? Tukaachia hapo.

Tarehe 9 Februari 2025, Super Bowl ya Eagles wa Philadelphia na Chiefs, nyumba ilijaa. Mapumziko Eagles 24, Chiefs sifuri. Shangazi, nilipandwa. Nilichukua sinia la pilau nikalipiga kama tari, nikalizunguka kochi alilokaa. Kila Mahomes anapoangushwa, napiga. Shemeji alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema taratibu: "Ulinzi wako ulikupa kikombe kimoja, shemeji, ukakaa na njaa miaka tisa." Watu wakacheka. Na mimi nikamjibu hivi: "Wewe umekula chumvi ngapi nchi hii? Umeletwa na dada yako, unakula kwangu, leo unifundishe mpira?"

Aliweka sahani chini, akachukua koti, akaaga watu wote mmoja mmoja isipokuwa mimi.

Sasa Ramadhani inaelekea ukingoni na hajafuturu kwetu hata siku moja. Mke wangu anampelekea bakuli la futari jioni, akirudi hanisemeshi mpaka daku. Mama mkwe amepiga simu kutoka Muheza akaniuliza eti nimemfukuza mwanawe. Sikumfukuza. Nataka uamue wewe, maana nasikia mpira huu unaujua: nani mkweli kati yetu, na nani anunue mbuzi?

Mtu wa Ulinzi, Aurora

* * *

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mambo mawili ya mpira na hukuniuliza hata moja la mdomo wako. Haya, nianze na uliyouliza. Wanaojibu barua kama hizi hupenda kusema "huo ni mchezo tu", na mimi sisemi hivyo, kwa sababu mtu aliyezunguka kochi na sinia hawezi kuambiwa ni mchezo tu.

Mimi nilifika Baltimore mwaka 1999, kazi yangu ya kwanza ikawa kufua mashuka ya hoteli. Chumba cha kufulia kilikuwa na redio moja, na redio ile ilikuwa ya Ravens, timu ya mji ule. Oktoba 2000 timu ile ilicheza mechi tano mfululizo bila tachidauni hata moja, yaani bila kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani. Tano! Wenzangu walikuwa wanaikunja shuka kama wanaikaba shingo. Lakini katika hizo tano walishinda mbili, kwa mikwaju ya mguu peke yake, kwa sababu upande wa pili nao hawakuwa wanapata kitu. Ulinzi wa Ray Lewis na wenzake uliruhusu pointi 165 msimu mzima wa mechi 16, na hakuna aliyeruhusu chache kuliko hizo katika msimu wowote wa mechi 16. Katikati ya msimu kocha akabadilisha kwotabeki, akamweka Trent Dilfer, mtu ambaye timu yake ya awali ilishamwachia aende zake. Januari 2001, kwenye Super Bowl, wakawafunga Giants wa New York 34 kwa 7. Dilfer alifikisha pasi 12 kati ya 25. Mchezaji bora wa mechi akawa Lewis, mtu wa ulinzi. Na Dilfer, kikombe kikiwa bado kinang'aa, hawakumrudisha. Walimtafuta mwingine.

Kwa hiyo maneno ya shemeji yako, kama ulivyoyanukuu, yameanguka. Hakuhitaji kubishana nawe juu ya Manning. Dilfer peke yake anatosha kuyaangusha, na sidhani kama kuna mtu hata Baltimore kwenyewe atakayemwita Dilfer kwotabeki mkubwa. Tunamwita mtu wetu, basi.

Lakini usikimbilie sinia. Ngoja.

Nyote wawili mmemshika Manning, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, na hakuna aliyemtazama usoni. Msimu wa 2013, huko huko kwenu, alirusha tachidauni 55 na timu ikapata pointi 606, rekodi ya ligi. Nakumbuka watu walivyokuwa wanasema hawa hawazuiliki. Wakaenda kukutana na Seattle kwenye fainali ya Februari 2014, na mchezo wa kwanza kabisa, sekunde 12 tu, mpira ukampita Manning kichwani ukaingia nyuma, Seattle wakapata pointi 2 bila kugusa kitu. Ikaisha 43 kwa 8. Ushambuliaji bora kuliko wote ulikutana na ulinzi bora, ukatoka na pointi nane. Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo, mkono umeshachoka, alimaliza msimu ana tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa. Kuna siku ya Novemba 2015 dhidi ya Kansas City alifikisha pasi 5 kati ya 20, akanaswa nne, akatolewa nje. Na huyo ndiye aliyebeba kikombe. Siku ya fainali Denver walipata yadi 194, chache kuliko mshindi yeyote wa Super Bowl kabla yao, na tachidauni ya kwanza ilitoka kwa namba 58 wako aliyempokonya Cam Newton, kwotabeki wa upande wa pili, mpira mlangoni kwake, mwenzake Malik Jackson akaulalia.

Shemeji akisema "Manning ni mkubwa", anasema jina. Wewe ukisema "ulinzi", unasema mwaka ule. Hapo umemshinda tena.

Na kuna mtu mmoja ambaye nilitegemea umtaje, kwa kuwa unakaa mji wake: John Elway. Alipokuwa kwotabeki wenu alifika fainali tatu akapigwa zote, ya mwisho 55 kwa 10. Kikombe chake cha kwanza, Januari 1998, hakurusha tachidauni hata moja. Terrell Davis alikimbia na mpira akafunga tatu. Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa timu siku ile ya 43 kwa 8. Akafanya nini? Hakwenda kutafuta warushaji. Mwezi uliofuata alikwenda sokoni akarudi na DeMarcus Ware, Aqib Talib na T.J. Ward, wote watatu watu wa ulinzi. Kwotabeki mkubwa kuliko wote katika historia ya mji wenu, alipopewa pesa, alinunua ulinzi.

Hapo ungeweza kupiga sinia. Sasa liweke chini, maana inakuja zamu ya shemeji.

"Ukakaa na njaa miaka tisa." Kauli hiyo ilikuchoma kwa sababu ni kweli tupu. Baada ya Februari 2016 Denver hamkuonekana tena kwenye mtoano mpaka Januari 2025. Chiefs nao waliwafunga mechi 16 mfululizo, tangu siku ile ya Novemba 2015 mpaka Oktoba 2023. Ulinzi wenu haukufa siku moja. Malik Jackson aliondoka mwezi uleule uliofuata fainali, kwa pesa za Jacksonville. Danny Trevathan akaenda Chicago. Ware alizeeka, Talib na Ward wakaondoka, na Miller mwenyewe mkamuuza 2021. Ulinzi ni watu 11 wanaosogea kama mtu mmoja. Akitoka mmoja, pengo linaonekana, wakitoka watatu, mwalimu anaanza upya. Hata sisi Ravens, baada ya msimu wa 2001 tuliwaachia wengi kwa kuwa hatukuweza kuwalipa, na 2002 tukashinda mechi 7 tukapoteza 9. Kwotabeki ni mtu mmoja. Ukimpata wa kweli, na miguu na bega vikiwa salama, unaye miaka kumi na tano.

Halafu kuna mwaka 2022. Nina hakika shemeji hakuutaja kwa heshima yako. Mlimchukua kwotabeki Russell Wilson kutoka Seattle, mkampa mkataba wa dola milioni 245, na ulinzi wenu ulikuwa mzuri, mzuri kweli. Mkamaliza wa mwisho katika ligi nzima kwa kufunga, mkashinda mechi 5 kati ya 17. Ulinzi ule ulikuwa unatoka uwanjani, unakunywa maji, unarudi. Ukitaka kujua thamani ya mrushaji, angalia nyuso za walinzi wako mwaka ule.

Lakini Wilson huyo huyo ndiye aliyewafunga 43 kwa 8! Mnaliona jambo hili? Alikuwa kijana wa mwaka wa pili, aliyechaguliwa namba 75 kutoka vyuoni, analipwa kwa mwaka kiasi ambacho kwa kwotabeki ni nauli ya daladala. Ndiyo maana Seattle waliweza kuweka ulinzi ule. Ugomvi wenu wote uko hapa na hakuna aliyeugusa: pesa. Ligi inaziwekea timu zote ukomo wa mishahara, na msimu wa 2024 ulikuwa dola milioni 255.4 kwa kila timu. Chungu ni kimoja, watu ni 53. Ukimchotea kwotabeki mapande yote ya nyama, walinzi watakula mchuzi. Kijana anayetoka chuoni mkataba wake umepangwa miaka minne, na mitatu ya mwanzo haombi zaidi, kwa hiyo akitokea kuwa mzuri, kwa muda mfupi una nyama ya kuwagawia wengine. Muda ukiisha, anataka chake.

Eagles waliowafunga Chiefs wamefanya kinyume, na ndiyo iliyonifurahisha mimi usiku ule. Jalen Hurts ana mkataba wa dola milioni 255. Wao ulinzi ndio wameujaza vijana: Jalen Carter wa 2023, Quinyon Mitchell na Cooper DeJean wa 2024. DeJean aliyeinasa pasi ya Mahomes akakimbia nayo mpaka mwisho alikuwa anatimiza miaka 22 siku hiyo hiyo. Umepiga sinia kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Na mchezaji bora wa mechi alikuwa nani? Hurts. Kwotabeki. Shemeji yako hakukujibu hilo, na angeweza.

Na yeye naye nina neno lake, umfikishie au umpe barua hii asome. Chiefs wa msimu wa 2023, waliochukua kikombe Februari 2024, waliruhusu pointi 294 tu, wa pili kwa uchache katika ligi. Mwaka ule wapokeaji walikuwa wanaangusha mipira ya Mahomes kama maembe mabichi, na ulinzi wa kocha Spagnuolo ndio uliowavusha mpaka Januari. Amekula pilau ya walinzi hakusema asante. Isitoshe, tarehe 9 Februari Mahomes aliangushwa mara 6 na Eagles hawakuongeza mtu wa kumkimbilia. Walituma wanne wao wa kila siku, ikatosha. Kwa nini? Kwa sababu ukuta wa mbele yake ulikuwa umepungua, mpaka Joe Thuney, mtu wa ndani, akahamishwa pembeni kushoto. Ninyi mnabishana mrushaji na mlinzi, na wale wanene watano wanaomlinda mrushaji, hakuna anayewataja. Ndivyo walivyo maishani mwao, masikini, hawatajwi mpaka wakosee.

Basi uamuzi wangu: jioni moja, wewe ni mkweli. Miaka kumi, mkweli ni yeye. Na kwa maneno yenu ya siku ile, yeye ndiye aliyeshindwa, kwa sababu alisema "hakuna timu".

Ila mbuzi hanunui. Mwanangu, mtu wa Tanga mzima unaweka dau la mbuzi wa Idi? Hiyo ni kamari, na mimi si shehe, lakini hata mimi najua nyama ya kamari haiwekwi kwenye sinia la Idi. Dau hilo limekufa. Mbuzi utamnunua wewe, kwa pesa yako, na si kwa sababu ya mpira.

Kauli yake ilikuwa ya mpira. Yako haikuwa ya mpira. Alisema timu yako ilikaa na njaa; wewe ulimhesabia tonge, mbele ya watu, na kumtaja dada yake. Kijana wa miaka 29 ugenini, aliyehamia mtaa wa pili ili awe karibu na ndugu, umemwambia chakula kile kilikuwa na hesabu. Unamwambia mama mkwe hukumfukuza. Mtu akihesabiwa tonge anasubiri aonyeshwe mlango wa nini?

Na tazama unavyomfanya mkeo. Katika mpira wenu kuna senta, yule anayeinama, anapitisha mpira nyuma katikati ya miguu, na kabla hajainuka ameshagongwa. Kila jioni mkeo anainama na bakuli lile. Mpumzishe.

Nenda leo, baada ya tarawehe. Usipige simu, usitume ujumbe, usimtume mtoto, usimngoje mama mkwe awapatanishe kutoka Muheza. Mama yule ana mambo yake. Nenda peke yako, na bakuli la futari ulibebe wewe. Akifungua mlango usianze na Mahomes. Mwambie neno lenyewe: "Nilikuhesabia chakula. Nimekosa, nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Ulivyo, najua hiyo "lakini" itakuwa imeshafika kwenye meno; imeze. Akikukaribisha, kaa. Akisema amechoka, rudi nyumbani ukajaribu kesho, Ramadhani bado haijaisha. Na kwa kuwa ulimvunjia heshima mbele ya watu, siku ya Idi wale wale waliokuwepo waite, uyaseme tena mbele yao, kwa ufupi, kabla ya chakula.

Mpira utarudi wenyewe, wala usihangaike. Alhamisi tarehe 24 Aprili 2025 timu zinaanza kuchagua vijana wa vyuoni, kule Green Bay. Denver wenu zamu yao ni ya 20, Kansas City ya 31. Mwalike. Ninyi mnaye Bo Nix, kwotabeki kijana aliyewarudisha kwenye mtoano msimu wake wa kwanza, bado analipwa kidogo, na nyuma yake mnaye Pat Surtain, mlinzi bora wa ligi msimu wa 2024. Ndiyo ule wakati wa nyama kutosha niliousema, na hautadumu. Mtabishana mpaka usiku wamchague mlinzi au wamtafutie Nix mtu wa kumrushia, na safari hii shemeji yako atakuwa na hoja.

Sinia libaki jikoni.

Shangazi